Nyasi za Kopo la Tatu

Kambi ya Utafiti,
Mlima Elgon, upande wa Kitale,
1985

Kwa Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute una afya, goti lako limepoa, na mvua imefika Kinna hata kama ni ya kulowesha vumbi tu. Kabale dada yangu amejifungua salama? Ni mvulana au msichana? Mbuzi wamebaki wangapi? Mimi mwilini sina neno. Nakula, nalala, hata lile jino la nyuma limeacha kunisumbua. Yaliyo moyoni utayasikia kadiri karatasi inavyoendelea, na nakuomba usikilize mpaka mwisho kabla hujanyanyuka.

Maalim Abdi, wewe unayemsomea Mama, pokea salamu zako pia. Nakujua vizuri, Maalim. Mjomba alipoandika kutoka Sericho kwamba ngamia wake wamekufa kwa kiu, ulimsomea Mama kwamba ngamia wamechoka kidogo, na mama wa watu akapika chapati kumsubiri ndugu yake aje na maziwa. Tulikucheka mwaka mzima. Leo sitaki kulainishiwa. Soma neno kwa neno, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu.

Mama, barua yako ilipita dukani kwa Hajji pale Isiolo, ikapanda mabasi matatu, na imenifikia wiki iliyopita. Nimeisoma mara nyingi. Unasema wazee wa ukoo walikaa kugawa busa gonofa, ule msaada wa ng'ombe ambao ukoo humpa mtu aliyemalizwa na ukame ili aanze tena, na wakamruka kaka yangu Galgalo. Walisema ukame ukikulia ng'ombe, ukoo unakulipia, lakini ukiwapeleka mwenyewe penye kifo, hupati hata ndama. Unasema mke wake amekwenda na watoto kwa baba yake Rapsu, analima mahindi ya mfereji. Unasema wazee watakaa tena mvua zikiisha, nawe hutafungua mdomo kumtetea, kwa sababu alichukua mali ya marehemu Baba akaitupa mlimani kwa kiburi chake. Kisha mwishoni umesema unamshukuru Mungu una mimi, maana mtoto wako wa pili angalau ana akili.

Nilipofika hapo nilikunja karatasi nikatoka nje ya hema. Wenzangu walidhani nimepata habari ya msiba. Niliwaambia kwamba ni moshi umeniingia machoni, na moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Mama, Galgalo hakuamua kupeleka ng'ombe mlimani. Mimi ndiye niliyemwita. Nilimwandikia barua, na Maalim anayekusomea sasa ndiye aliyemsomea Galgalo barua ile. Maalim, usisimame hapo. Najua Galgalo alikuomba uifiche, nawe ukaona ni amana. Nakuondolea amana hiyo leo.

Sasa niianze habari yenyewe tangu mwanzo, ili nisijifiche ndani ya maneno mengi.

Kazi yangu hujaielewa vizuri, na si kosa lako, maana hata mimi mwanzoni sikuielewa. Uliwaambia majirani kwamba mwanao anafanya kazi na daktari, wakaja kukuuliza dawa ya macho. Daktari Nyaboke si wa sindano. Ni daktari wa wadudu, mwanamke mfupi kutoka Kisii, anatembea mlimani kuliko askari. Anachotafuta ni wale mbawakawa wa mavi, wale weusi wanaoviringisha na kufukia mavi ya ng'ombe, ambao watoto wetu huwafunga kamba mguuni. Anataka kujua wanaishi wangapi na wa aina gani kuanzia chini ya mlima mpaka juu kwenye baridi. Tunachimba shimo dogo, tunazika kopo mdomo ukiwa sawa na ardhi, tunatia maji na sabuni kidogo, halafu juu yake tunaning'iniza bonge la mavi ndani ya kitambaa. Mdudu anafuata harufu, anatumbukia. Asubuhi nahesabu. Niwie radhi, Mama, lakini ndiyo kazi inayoleta ule unga unaokula.

Mwaka jana tulikuwa Mlima Kenya, upande wa Timau, ambako siku isiyo na mawingu nilikuwa naiona nchi yetu huko chini, ya kijivu mpaka macho yanakoma. Tulikuwa na makopo sehemu sita, moja juu ya nyingine. Kopo la kwanza lilikuwa chini, karibu na mashamba. La tatu lilikuwa ukingoni mwa msitu, penye uwazi wenye nyasi. La sita lilikuwa juu kabisa, ambako maji hushika barafu usiku, na mavi ya mnyama hukaa miezi yakiwa mazima kama mkate uliosahauliwa. Huko juu nilikuwa napata vidudu vidogo viwili, vitatu, siku nyingine hakuna hata kimoja. Daktari aliniambia, "Guyo, hakuna pia ni hesabu. Andika." Lakini kopo la tatu lilikuwa linajaa. Wadudu wakubwa, weusi, wenye nguvu za kukupasua kidole, wanapanda mpaka migongoni mwa wenzao wakitaka kutoka.

Ukame ulipokuwa mkali, Galgalo aliniletea neno kwa dereva wa Hajji kwamba malisho ya Kinna yamekwisha na ng'ombe arobaini na mmoja wa Baba wameanza kula makaratasi. Sasa unakumbuka jinsi Baba alivyokuwa akisoma nchi? Akifika mahali pageni hakutazama nyasi kwanza. Alipindua mavi makavu kwa ncha ya fimbo. Akikuta chini kumechimbwa, udongo mbichi umetoka, alisema, "Nchi hii inakula. Tukae." Akikuta mavi yamekauka mazima tulihama, hata kama nyasi zipo. Alitufundisha sisi wawili, mimi na Galgalo, na hakukosea hata mara moja nikiona.

Basi mimi nikasimama pale kopo la tatu, nyasi zinanifika magotini wakati nchi nzima inalia, wadudu wamejaa kopo, nikasema moyoni, Baba angekaa hapa. Niliandika barua siku ile ile. Nilimwambia Galgalo asisimame huko chini kwenye mashamba yaliyovunwa, pamoja na wafugaji wengine wa Isiolo, apite moja kwa moja mpaka kwangu. Nilimwambia hata nimewahesabu wadudu, na nikamwandikia hesabu yenyewe. Akili nyingi huondoa maarifa. Sikujiuliza nyasi nzuri namna ile zilikuwa zinamsubiri nani.

Alifika baada ya wiki tatu. Nilimwona akipanda na ng'ombe, fimbo mabegani, amekonda mpaka koti la Baba linamzunguka mara mbili. Alisimama akatazama zile nyasi, akatazama msitu, hakutabasamu.

"Guyo," akaniambia, "hii mahali iko na mwenyewe. Wapi ng'ombe ya watu wa hapa?"

"Wanaogopa baridi," nikamjibu. "Tazama chini, wewe si ulifundishwa?"

Akapindua mavi kwa fimbo. Chini kulikuwa kumechimbwa kama chungio. Akainama akayatazama tena.

"Hii mavi si ya ng'ombe."

"Mavi ni mavi. Mdudu anakula, nchi inakula. Ama unataka kurudi chini ugombanie mabua na wale wengine?"

Akainuka, akasema, "Haya. Wewe ndio umesoma." Akawaachia ng'ombe.

Mama, siku kumi zile za kwanza zilikuwa tamu. Ng'ombe walishiba mpaka wakawa wanalala mchana. Galgalo alianza kuimba tena zile nyimbo za kunyweshea. Alinikamulia maziwa, akanipa mimi kwanza kabla hajanywa yeye, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuzaliwe, na mimi nikayapokea nikaona ni haki yangu.

Halafu yule ng'ombe mwekundu wa pembe iliyopinda akaacha kula. Chini ya sikio lake kulikuwa na uvimbe. Kesho yake walikuwa wanne. Wakawa wanahema kwa shida, povu linatoka puani, na ngozi yote chini ya mkia na ndani ya masikio imejaa kupe. Galgalo aliwachoma kwa chuma kwenye ule uvimbe, akawawekea moshi, akawabana akawang'oa kupe kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu. Kila asubuhi tulikuta wengine wamelala hawainuki. Alikuwa anawaita kwa majina wakiwa chini, na wengine walikuwa bado wanageuza sikio wakisikia sauti yake. Alishuka na ng'ombe sita. Thelathini na watano walibaki pale, na makopo yangu yakajaa kupita kiasi. Niliambiwa nihesabu, nikahesabu.

Siku ya kuondoka nilimwambia nitashuka naye nije niwaeleze. Akakataa.

"Ukisema ni wewe, Mama atakataa chakula yako," akasema. "Unamjua. Alirudisha mahindi ya mjomba kwa sababu ya neno moja tu. Saa hii hakuna maziwa, hakuna kitu ingine, ni hiyo unga yako. Wacha wakasirikie mimi. Mimi ni angafa, mzigo ya nyumba ni yangu."

Wewe unajua neno hilo angafa, mzaliwa wa kwanza, lilivyo zito kwetu. Ng'ombe ni wake, uamuzi ni wake, na lawama ni yake. Nilitakiwa nimkatalie. Nilimshika mkono, nikamwambia asante, na nikabaki. Nilipumua, Mama. Hicho ndicho kitu nilichofanya, nilipumua.

Wiki chache baadaye Daktari alituuliza nani angependa kuhamia Mlima Elgon, ambako anataka kulinganisha wadudu wa mlima mmoja na mwingine. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Nilikuandikia kwamba nimetumwa. Sikutumwa. Nilikimbia ili nisiwe naiona Isiolo kila mawingu yakifunguka.

Ningeweza kuishia hapa. Ukisikia haya tu utasema, masikini, alikosea kwa nia njema, alifuata mafunzo ya baba yake. Na Galgalo mwenyewe anaamini hivyo, ndiyo sababu ilimwia rahisi kunibebea. Kuna jambo ambalo Galgalo halijui, wala Maalim. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeshaumbuka vya kutosha nikiwa peke yangu.

Galgalo alipokuwa bado njiani, Daktari alipitia daftari langu akasimama kwenye kopo la tatu. Akaniita. Akaniambia wadudu wale wengi hivyo wako pale kwa sababu ya nyati, wanaotoka msituni jioni kulisha. Ndipo nikamwambia kwa kujigamba kwamba ndugu yangu analeta ng'ombe pale. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Guyo, nyati anabeba homa ya kupe na yeye haumwi. Ng'ombe wa nchi kavu hajawahi kuijua homa hiyo. Wakiingia pale watakufa. Mzuie." Aliniambia hivyo kwa Kiswahili kilichonyooka, mara mbili. Siku ile Galgalo alikuwa Isiolo akipumzisha ng'ombe nyuma ya stoo ya Hajji, dereva alikuwa ameshaniambia. Gari la kambi lilikuwa linashuka Timau kuchukua mafuta, na pale kwenye posta kuna simu, na dukani kwa Hajji kuna simu. Daktari alinipa ruhusa nipande gari. Nilipanda. Nilifika posta. Nilisimama kwenye foleni.

Nikatoka kwenye foleni, Mama.

Nimejaribu kujidanganya kuhusu sababu. Nilijiambia huyu Daktari anajua wadudu, hajui ng'ombe, mimi ni mtoto wa mfugaji. Lakini ukweli ni kwamba tangu nizaliwe nimetembea nyuma ya Galgalo. Yeye akisema tuhame tunahama. Yeye ndiye anayeulizwa, mimi natumwa maji. Na mara hii moja, ng'ombe wote wa Baba walikuwa wanatembea kwa neno langu. Ningepiga simu niseme, kaka, nimekosea, rudi. Nikaona aibu. Nikaona afadhali tujaribu tu, labda Daktari amekosea. Nikampelekea Daktari jibu kwamba simu ya Isiolo haishiki. Naye akasafiri mwezi mzima na masanduku ya wadudu, na aliporudi Galgalo alikuwa ameshashuka. Kwa hiyo ng'ombe wale hawakufa kwa ujinga wangu. Walikufa kwa sababu sikutaka kuonekana mjinga kwa dakika tatu za simu.

Hapa Elgon kazi ni ile ile. Makopo yako sehemu tano, na juu baridi inauma kuliko kule. Watu wa hapa wana ng'ombe wafupi wenye manyoya, na hawawapandishi karibu na nyati hata uwalipe. Nilimwuliza mzee mmoja kwa nini, akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini hatulali ndani ya mto. Wote wanajua. Ni jambo ambalo kila mtu wa mlima analijua na kila mtu wa nchi kavu hana haja ya kulijua, na kati ya watu wa nchi kavu mimi peke yangu nilikuwa nimeambiwa.

Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani, na Daktari amekubali. Nilimweleza pia kuhusu simu. Hakunigombeza. Alisema niende kabla wazee hawajakaa, na nikirudi tutaona kama nitabaki na kazi, kwa kuwa hataki mtu anayemletea neno la uongo hata liwe dogo. Ana haki. Nikipoteza kazi, unga utakatika, na hilo nalo litakuwa langu.

Maalim, sehemu hii nakuomba uichukue mpaka kwa wazee. Waambie Guyo, mtoto wa pili wa nyumba hii, anakiri mbele ya ukoo kwamba Galgalo alitaka kubaki chini na wenzake, akapandishwa kwa barua yangu. Kwamba aliona mavi si ya ng'ombe akasema, nami nikamnyamazisha. Na kwamba mimi nilionywa nikanyamaza. Kama kuna mtu anayestahili kunyimwa busa gonofa, siku nitakapoihitaji waninyime mimi. Lakini wasimnyime mtu aliyewang'oa kupe kwa kucha. Nitasimama na kuyasema mwenyewe, Mungu akinifikisha. Barua nimeitanguliza kwa sababu najijua. Nikifika kabla yake mtanipokea kwa furaha, mtanichinjia mbuzi, na mimi nitakula.

Nisalimie Kabale na mtoto wake. Nisalimie mjomba wa Sericho, umwambie nasikitika kwa ngamia, na nasikitika tangu zamani. Msalimie Hajji na madereva wake kwa kunibebea barua bila kuchoka. Kama kuna mtu anayekwenda Rapsu, amfikishie shemeji Halima kwamba mume wake hakupoteza mali kwa kiburi. Amwambie kiburi kilikuwa cha shemeji yake. Watoto wake wasikie hivyo pia.

Mama, juu yangu utaamua mwenyewe. Sikuombi unisamehe kwa karatasi, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Ukiona nisiingie ndani nitakaa kwa jirani. Ninalokuomba ni moja tu. Galgalo akipita leo, mkalishe, umwulize ng'ombe walikufa vipi, mmoja mmoja kwa jina lake. Anawakumbuka wote thelathini na watano, na mpaka leo hakuna mtu aliyemwuliza.

Ni mimi,
Guyo, mdogo wake Galgalo